Kupiga Picha za Harusi Ndogo kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo kwa Anayejitolea Unguja na Pemba

Mara nyingi kazi hii humfikia mtu kwa njia moja. Ameonekana ana kamera, au simu yake inatoa picha safi. Binti wa jirani au wa ami yake anaolewa nyumbani, wageni hawazidi hamsini, na wenye harusi hawana fedha za kumwita mpiga picha wa kulipwa. Huombwa, naye hukubali, kwa sababu katika harusi ya kwetu kila mtu huleta alichonacho: huyu mchele, yule masufuria na majamvi, mwengine nguvu zake za kukesha jikoni. Mwongozo huu nimemuandikia mtu huyo. Mimi nilianza vivyo hivyo, Wete, Pemba, katika harusi ya binti wa mama yangu mdogo, nikiwa na kamera ya kuazima na lenzi moja. Mambo ya kamera nitayaeleza kwa kirefu, lakini nataka kuanza na ruhusa, kwa kuwa picha iliyotoka na giza hurekebishika kidogo, ama picha ya mwanamke asiyetaka kupigwa haina dawa ikishatoka mkononi mwako.

Kaa kwanza na wenye harusi

Nenda nyumbani kwa wenye harusi wiki moja kabla, maana siku ya mwisho hakuna mtu mwenye nafasi ya kukusikiliza. Kaa na mama wa bi harusi au yule anayesimamia shughuli, na ukiweza awepo na somo wa bi harusi, yaani mwanamke anayemfunda, kwa kuwa yeye ndiye anayejua hina itapakwa lini, mavazi yatabadilishwa mara ngapi, na nani ataruhusiwa kuingia chumbani. Uliza shughuli ni ngapi, na kila moja ni wapi na saa ngapi. Harusi ndogo yaweza kuwa na usiku wa hina, akdi (kufungwa kwa ndoa) msikitini baada ya swala ya alasiri au ya isha, bwana harusi kuingizwa ndani kumpa mkono mkewe, na chakula. Na yaweza vilevile kuwa akdi peke yake sebuleni, kisha halua na kahawa, basi.

Uliza pia maswali matatu ambayo watu huona haya kuyauliza: nani hataki kupigwa picha kabisa, picha zitaonwa na nani, na zitakabidhiwa kwa nani. Kisha omba kuzungumza na bi harusi mwenyewe, hata kwa simu, kwa sababu mbele ya wakubwa wake huenda akasema "mtakavyo" ilhali moyoni anayo picha moja au mbili anazozitamani sana na nyengine asizotaka kuziona. Andika majibu yote kwenye daftari. Bi harusi wangu wa kwanza aliniambia jambo moja tu: alitaka picha ya mikono ya bibi yake ikimpaka hina, kwa kuwa macho ya bibi huyo yalikuwa yanaondoka na hakutarajiwa kumpaka mjukuu mwengine. Lau nisingeuliza, usiku ule ningeumaliza nikipiga nyuso na mapambo.

Kujitolea hakuondoi haja ya makubaliano. Sema waziwazi kuwa ni mara yako ya kwanza, kuwa utapiga picha za mnato na si vidio, kwa maana mtu mmoja hawezi kuyafanya vizuri yote mawili kwa wakati mmoja, na kuwa picha zitakuwa tayari baada ya muda fulani unaoujua utautimiza. Omba upewe kijana mmoja wa ukoo anayezijua sura za pande zote mbili, awe ndiye wa kuita watu. Mtu mzima wa upande wa bwana harusi hatainuka kitini kwa kuitwa na mgeni asiyemjua hata jina, lakini atainuka akiitwa "ami" na mtoto wa nyumbani.

Jambo la kupangwa mapema kuliko yote ni nani atapiga upande gani. Mwanamme haingii kwa wanawake walipojipamba, na mwanamke aghalabu hana mahali pa kukaa msikitini wakati wa akdi. Kwa hiyo ukubali tangu mwanzo kuwa mpo wawili, hata kama mwenzako ni mdogo wako mwenye simu tu, na usiku wa kabla ya harusi mlinganishe saa za vifaa vyenu ili picha zikichanganywa zijipange kwa mfuatano wa shughuli.

Upande wa akdi

Akdi ni fupi, na sehemu yake kuu ni fupi zaidi. Sheikh husoma khutba, walii (baba au msimamizi wa bi harusi) na bwana harusi hushikana mikono, walii hutamka kumuoza binti wake kwa mahari waliyokubaliana, na bwana harusi hujibu papo hapo kuwa amekubali. Tangu mikono kushikana hadi jibu kutoka, huenda isitimie hata nusu dakika. Mpiga picha na awe ameshakaa mahali pake kabla ya khutba kuanza: chini, ubavuni, pale anapoviona viganja vilivyoshikana na nyuso mbili kwa pamoja, bila ya dirisha lenye mwanga mkali nyuma yao, kwani dirisha hilo litazigeuza nyuso kuwa vivuli vyeusi. Aingie na udhu, asipite mbele ya anayeswali, amuombe imamu ruhusa kabla ya swala, azime flashi na sauti ya kamera. Asimuombe sheikh wala walii arudie neno kwa ajili ya picha. Akilikosa tamko, basi apige mikono ya mashahidi wawili wakitia saini, na uso wa baba wakati wa dua, ambao mara nyingi ndio unaosema zaidi.

Kamera na mwanga wa nyumba zetu

Kamera yoyote inayokutii inatosha. Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, tafuta hata kwa kuazima lenzi isiyovuta, ya milimita 35 au 50, yenye tundu la f/1.8, kwa sababu inaingiza mwanga mwingi zaidi kuliko lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera. Ya milimita 35 hufaa zaidi katika vyumba vidogo. Ukitumia simu, pangusa kioo cha lenzi kila baada ya muda, maana mafuta ya vidole na moshi wa udi hukitia ukungu, tumia lenzi kuu, na usogee wewe badala ya kuvuta picha.

Taabu ya mwanzo ya kila mtu ni picha za ndani kutoka zimetikisika. Watu husema kamera ni mbovu, kumbe kasi ya shata, yaani ya pazia la kamera kufunguka na kufunga, imeshuka mno kwa sababu chumba kina giza. Kwa watu waliokaa, usishuke chini ya 1/100 ya sekunde. Kwa wanaotembea au kucheza, panda hadi 1/200 au zaidi. Fungua tundu la lenzi, na iache ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande hadi 1600 au 3200 bila ya hofu, kwani picha yenye chembechembe na macho makali ina thamani kuliko picha laini isiyo na uso. Jambo moja la kuangalia ni taa za tyubu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa hizo, na baadhi ya taa za LED za bei rahisi, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila ya jicho kutambua. Ukipiga kwa kasi kubwa, picha hutoka na mistari ya kiza iliyokata ukuta na nyuso. Ukiiona, rudi kwenye 1/100 na mistari itaondoka.

Jengine ni kanzu. Kamera hutaka kila kitu kiwe cha rangi ya wastani. Wakikaa wanaume kumi wenye kanzu nyeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaipunguza picha nzima, na nyuso zikaingia giza huku kanzu zikitoka kijivu. Tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga kati ya theluthi mbili za hatua na hatua moja nzima. Wakikaa wanawake wenye mabuibui meusi, hutokea kinyume chake: kamera huongeza mwanga, nyuso zikapauka na buibui likawa la kijivu, na hapo utapunguza kwa kiasi hichohicho. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua chini au juu. Daima uso ndio uupimie, nguo iwe baadaye.

Kuta zetu nazo zina lake. Chumba kilichopakwa rangi ya kijani au buluu huirudisha rangi hiyo kwenye mashavu ya bi harusi, na hakuna poda itakayoificha. Msogeze karibu na dirisha, umkalishe ubavu au robo tatu, taa ya chumba uizime ikiwa dirisha linatosha, na upande wenye kivuli mtu akushikie shuka nyeupe iliyokunjwa, iliyo karibu naye ila haionekani kwenye picha. Shuka hiyo itaurudisha mwanga kwenye jicho la pili. Hiyo ndiyo taa ya studio niliyoitumia miaka miwili ya mwanzo. Flashi, ukiwa nayo, usimwelekezee mtu usoni. Igeuze juu, lakini ujue kuwa inafanya kazi kwenye dari nyeupe ya chini tu. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe, dari ziko juu sana na boriti zake ni nyeusi, kwa hiyo mwanga hupanda na haurudi.

Nje, epuka kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 mchana, jua likiwa utosini na macho ya watu yakizama kwenye vivuli vya nyusi. Ikibidi, wapeleke barazani au chini ya mwembe wenye kivuli kizito, si kivuli cha mnazi kinachomwagia watu madoa ya jua. Wakati mzuri ni saa moja ya mwisho kabla ya magharibi, na ni mfupi: kwetu hapa karibu na ikweta, jua likishazama kiza huingia ndani ya dakika ishirini na kitu, na watu nao wanaelekea msikitini. Akdi ikiwa baada ya alasiri, hesabu tangu mwanzo ni dakika ngapi zitabaki.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda uani, lenzi itajaa ukungu mara moja kwa unyevunyevu wa hewa yetu. Usiifute na kuifuta. Iweke kamera ndani ya mkoba uliofungwa, na mkoba uutoe uani karibu nusu saa kabla ya kupiga, ipate joto polepole. Betri ziwe mbili na uzijaze usiku wa jana yake, si asubuhi ya harusi, kwani umeme unaweza kukatika. Na kadi za kumbukumbu ziwe mbili. Kadi moja ya GB 32 huchukua picha elfu na zaidi za kawaida, lakini kadi ikiharibika zote huenda nayo, kwa hiyo badilisha kadi katikati ya shughuli.

Ndani kwa wanawake

Hapa ndipo nilipokosea, nami nalieleza kosa langu kama lilivyokuwa. Katika harusi ile ya kwanza, bi harusi alikuwa amekaa mbele ya meza ya kujipambia, anavishwa kikuba cha asumini na mrehani, na mwanga wa dirisha ulimwangukia shavuni vizuri mno. Nilipiga picha tatu. Usiku ule nikaituma moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo wamo wanaume na wanawake. Asubuhi shangazi mmoja wa bi harusi akaniita, akanionyesha simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Ndani ya kioo, nyuma ya bega la bi harusi, alikuwepo yeye, kichwa wazi, mikono wazi, anajifunga kanga kifuani. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikujua kama nimo." Niliifuta, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi, na hadi leo sina uhakika imefika wapi.

Tangu siku hiyo, nikiingia chumbani kazi yangu ya kwanza ni kutafuta vioo. Kioo cha kabati, kioo cha meza, skrini ya televisheni iliyozimwa, kioo cha dirisha kukishakuwa na kiza nje, mlango uliobaki wazi kuelekea ukumbini: vyote hivyo huleta kwenye picha watu ambao hukuwaelekezea kamera. Kioo kinachoweza kugeuzwa kigeuze, kisichogeuzika kifunike kwa kanga, na kabla ya kubonyeza pitisha macho kwenye pembe nne za picha, kwa kuwa jicho huganda katikati.

Wakati wa sherehe ya wanawake, wanapokaa kwenye mikeka bila ya mabuibui, usizunguke na kamera. Njia ninayoitumia mimi ni kutenga kona moja: kiti au mkeka mzuri, pazia nyuma, chetezo cha udi pembeni. Anayetaka picha huja hapo, na kamera haigeuzwi kuelekea walikokaa wengine. Tangazo litolewe na somo au mama wa nyumba, si wewe, kwa lugha ya heshima, kuwa kona ipo na asiyetaka asione uzito. Utapata picha chache kuliko mwenye kuzunguka, lakini wenye kuja watakutazama bila ya wasiwasi, na hilo huonekana usoni.

Usiku wa hina piga kwa mwanga wa pembeni na bila ya flashi, maana hina mbichi inang'aa na flashi huifanya iwe kama matope. Inama hadi usawa wa mkono. Subiri kidole cha mpakaji kigusane na kiganja, kwa kuwa mkono uliopakwa peke yake ni pambo, na mikono miwili ni harusi. Picha ya rangi iliyokolea iache hadi siku ya pili yake, kwani hina ikishabanduliwa huanza na rangi ya chungwa na huzidi kuiva kwa siku moja au mbili.

Kisha huja lile jambo ambalo watu wote watakuuliza kama umelipata: bwana harusi kuingizwa, kuweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha mkewe na kusoma dua. Chumba hujaa, simu huinuliwa mbele yako, na vigelegele huanza kabla hujajiandaa. Muombe somo mapema akuwekee nafasi ya kusimama upande wa kushoto wa bwana harusi, ili mkono wake usikufichie uso wa bi harusi. Weka kasi ya shata tayari, jaribu mwanga kwa kumpiga mtu aliyesimama mahali hapohapo, na mikono ikishatulia piga picha chache ukiwa umetulia nawe. Kisha shusha kamera, kwa kuwa baada ya dua huwa kuna maneno yao wawili. Faida moja ya wakati huu ni kuwa wanawake hujisitiri wanapoambiwa bwana harusi anakuja, kwa hiyo ndipo picha pana ya chumba inapowezekana, ukiwa bado unawaepuka wale waliosema hawataki.

Picha za ukoo

Nyumba nyingi bado zina picha za studio za mabibi na mababu. Omba kuziona kabla ya siku. Utaona jinsi wapiga picha wa zamani, kama wale wa Capital Art Studio iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, walivyoshughulikia mikono: imewekwa juu ya goti, juu ya bega, au imeshika kitu, haikuachwa ining'inie. Fanya hivyo. Makundi yasizidi manane. Anza na wazee ili waende kupumzika, wao wakae vitini, watoto mbele chini, na wanandoa wasiondoke katikati hadi mwisho. Kila kundi lipige mara nne au tano, maana daima kuna mmoja aliyefumba macho. Kwa watu wa safu mbili, punguza tundu la lenzi hadi f/5.6 badala ya f/1.8, la sivyo safu ya nyuma itatoka bila ya ukali.

Chakula kipige kikiwa kwenye sinia kabla ya kuliwa, halua na kahawa vilevile. Watu wakianza kula, weka kamera chini, nawa mikono, ule nao.

Baada ya harusi

Usiku uleule, kabla hujalala, nakili picha zote mahali pawili zaidi, kwa mfano kompyuta na flashi diski, na moja iwe nyumba nyengine ikiwezekana. Kadi usiifute. Katika picha mia tatu au mia nne, chagua themanini hadi mia moja na ishirini; ziache zilizotikisika, zilizorudiwa, na zote zilizomshika mtu katika hali asiyoipenda. Mwanga na rangi zirekebishe kidogo tu, na ngozi ya mtu usiipauze kwa programu.

Panga mafaili mawili tofauti: la picha zinazoweza kuonwa na kila mtu, na la picha za ndani kwa wanawake pekee. Usizitume za pili kwenye kundi lolote. Hata za kwanza, WhatsApp huzibana na kuzipunguzia ukali zikitumwa kama picha. Zitume kama dokumenti, au zitie kwenye flashi diski. Angalia kama simu yako inapandisha picha kwenye intaneti yenyewe, na uizime kazi hiyo kabla ya harusi. Usimpelekee fundi simu ikiwa picha za ndani zimo. Kama familia inataka kuzichapisha, waulize kwanza wapi na nani atazishika, na za ndani tafuta mwanamke wa kuzichapa.

Flashi diski mkabidhi yule aliyetajwa siku ya mazungumzo, mkononi mwake, na umuoneshe faili lipi ni lipi. Mpe siku chache azifungue zote. Akikujibu kuwa ziko sawa, futa nakala za picha za ndani kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye kadi, kisha ingia kwenye kapu la taka la kila kifaa uzifute na huko pia, kwani zilizofutwa mara moja hubakia humo siku kadhaa. Nakala uliyoiweka nyumba ya pili nayo usiisahau. Mimi huifuata mwenyewe kwa mguu.